Siku Niliyoizima Seva Yetu

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Niliachia shule kidato cha pili, na ninayoyajua kuhusu kompyuta niliyaokota kwenye saiba moja ya intaneti mtaani Umoja, hapa Nairobi, nikichungulia nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Lakini aliyeizima ni mimi, kwa hiyo acha niandike.

Ilikuwa seva ya gumzo, yaani programu inayopokea ujumbe wa huyu na kumfikishia yule. Tuliianza wawili, mimi na rafiki yangu fundi wa nyaya za stima wa Buruburu, na maandishi ya programu yenyewe tukayaweka wazi mtandaoni, bure, yeyote ayasome, ayachukue, ayarekebishe apendavyo. Wa kwanza kuitumia walikuwa kikundi cha mazishi cha hapa mtaani Mowlem. Wengi ni akina mama waliotoka magharibi mwa Kenya, pamoja na fundi viatu mmoja wa kule Mlima Kenya aliyeoa kwao. Mtu akifiwa, humo ndimo mlimopangwa nani atapika chai, nani atalala na wafiwa, gari la kupeleka mwili nyumbani litaondokea wapi.

Sasa, huku kwetu simu haikai. Inanyakuliwa, inatumbukia chooni, mtoto anaikalia. Mwenyewe anarudi na laini mpya, paswadi amesahau, barua pepe hajawahi kuwa nayo. Kwa ajili ya watu kama hao tuliweka kitu tulichokiita dhamana. Wawili walio ndani wakibonyeza kusema huyu ni wetu, mlango unamfungukia na maneno yake yote ya zamani anayakuta. Hatukukisoma popote. Ndivyo akina mama wenyewe wanavyofanya kwenye matanga mgeni akitokea: hapa nani anakujua?

Niliionea fahari dhamana ile. Ndicho kitu pekee nilichowahi kutengeneza ambacho mtu mwingine alikihitaji.

Halafu akaniandikia mwanamke wa nchi ya mbali, nisiyewahi kusikia sauti yake. Yeye na wenzake wana nyumba ya kuwaficha wanawake wanaokimbia vipigo, na walikuwa wameichukua programu yetu kwa mawasiliano yao. Aliuliza swali moja, bila ukali wowote. Mume akichukua simu ya mkewe kwa nguvu, halafu akachukua ya shemeji yake, si hao ni wawili? Si anaweza kujidhamini mwenyewe aingie kama mtu yeyote, asome wamejificha wapi?

Nilisoma mara nyingi nikitafuta alipokosea. Hakukosea.

Nilimjibu waache kuitumia siku hiyo hiyo, na wakaacha. Lakini maandishi yalikuwa wazi kwa dunia nzima, na sikuwa na njia ya kujua nani mwingine ameyachukua, amemficha nani ndani yake.

Nikamwita rafiki yangu tukutane soko la Burma, kwenye nyama choma. Nyama ilikuja mezani, mimi nikashindwa kumeza.

"Buda, umekonda. Ni hiyo seva inakukula?"

"Nifanye nini na dhamana?"

"Toa. Si ni mistari kidogo tu?"

"Nikiitoa, mama mwenyekiti wa kikundi akinyakuliwa simu kesho anarudije?"

"Basi iache."

"Nikiiacha, kuna mtu atauawa."

Akatafuna mfupa wake muda mrefu. "Hapo sina, buda. Nimefika mwisho wa akili."

Baada ya hapo akatoka kwenye mradi, na watu hudhani aliniachia mzigo. Si haki. Alikuwa amepata pacha, na tangu mwanzo aliniambia siku ya watoto ikifika atatoka. Hata hivyo nyama aliilipia yeye.

Nikajaribu. Niliongeza wadhamini wakawa watano, na mama mmoja mjane akakaa nje ya gumzo siku zote za matanga ya kaka yake kwa sababu watano hawakupatikana. Niliweka kusubiri siku mbili kabla ya mlango kufunguka, lakini msiba hausubiri. Nikajaribu kutengeneza programu mbili, moja yetu na moja ya dunia, nikavuruga zote na ujumbe wa watu ukapotea. Labda aliyesoma angeona njia. Mpaka leo nadhani iko, tena iko karibu, na ni mimi nisiyeiona. Nilifika mahali pa kuiogopa kompyuta yangu mwenyewe. Nilikuwa naifunika na shuka kama kioo cha nyumba yenye maiti.

Nikaandika kwenye ukurasa wa mradi kwamba natafuta wa kuurithi. Akajitokeza mmoja tu. Alitaka funguo za kuingilia seva kabla ya kuuliza hata swali moja juu ya wanaoutumia. Pengine ni mtu mwema mwenye haraka. Lakini sikuwa na mtu wa kuniambia anamjua, na sikumpa.

Jumapili baada ya kanisa nikasimama mbele ya kikundi, sebuleni kwa mama mwenyekiti, nikasema Jumamosi saa saba mchana naizima.

"Unazima nini?" akauliza mama mwenyekiti. "Stima?"

"Seva, mama. Pale tunapoongelea."

"Ati nini! Mchungaji anafunga kanisa waumini wakiwa ndani?"

Wakacheka. Fundi viatu akasema, "Mwacheni, amepata bibi. Bibi amesema achague, yeye au nyinyi."

"Bibi gani, na hizo nguo?" mwingine akadakia. Wakacheka tena, na mimi nikacheka, machozi yakinilenga.

Nikawaeleza habari ya yule mwanamke na simu mbili, nikawaomba wahamie ile programu ya kampuni ambayo kila mtu anayo.

"Kwa hiyo ni huyo mwanamke wa huko anayetufungia mlango," akasema mama mwenyekiti.

"Hapana, mama. Yeye aliuliza tu."

"Sisi tumewahi kuingiliwa?"

"Bado."

"Basi si uache yetu, uzime ya hao wengine?"

"Ni kitu kimoja, mama. Na simu zenu pia zinanyakuliwa."

"Mwanangu, huku kwingine unakotupeleka, nikipoteza simu nani atasema ananijua?"

Nilisema watazoea. Sikuamini nilichosema, na nadhani hata yeye aliona.

Jumamosi niliondoa shuka nikakaa mbele ya kompyuta. Wengi walikuwa wameshahamia ile programu ya kampuni. Kwenye ukurasa wa mradi niliandika kwamba hautunzwi tena, kwamba una hatari, na hatari yenyewe nikaieleza kwa maneno mepesi ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Saa saba ilipogonga nikabonyeza. Nilipokuwa nabonyeza, ujumbe mmoja uliingia. Ulitoka kwa yule mama mjane, ambaye hakuwa amehama. "Jamani, sufuria kubwa ya kikundi iko kwa nani? Nina wageni kesho."

Skrini ikawa nyeusi.

Ningeweza kuiwasha tena dakika moja. Kidole changu kilikuwa hapo hapo. Nilifikiri, dakika moja tu, ajibiwe. Halafu nikafikiri kwamba kesho kutakuwa na swali lingine, na keshokutwa lingine, na sitazima kamwe. Nikavaa viatu nikatoka.

Nilibisha nyumba tatu nikiulizia sufuria. Ya nne alifungua mwanamke niliyemjua kwa jina lake la kwenye gumzo tu, sura yake sikuwa nimewahi kuiona. Sufuria ilikuwa nyuma yake, imejaa mahindi yaliyolowekwa. Simu ilikuwa mkononi, kidole gumba kinabonyeza na kubonyeza.

"Ninamjibu mtu hapa, inakataa," akasema, akiinua simu juu kuelekea mlangoni. "Na kwako network imepotea?"

"Si network," nikasema. "Ni mimi."