Anayesomea Kucheza

Darasani kwetu, ambako shahada husomwa kwa miguu peku, yeye ndiye hutangulia kufika na kupiga deki ukumbi. Hufunga plasta vidole vya miguu huku akiimba puani, na hata akisubiri chai kantini husimama kwa mguu mmoja kama korongo, mikono ikieleza kila anachosema. Kwao wanamtania kwamba ameenda chuo kusomea ngoma za harusi, naye hucheka nao.

Siku moja baba yake alikuja bila taarifa, tukiwa mazoezini.

"Shikamoo, baba. Vua viatu, tafadhali. Sakafu hii ni ya kazi."

Mzee akavua, akaketi kando ya ukuta na soksi zake. Binti akaruka, akateleza, akaangukia goti. Baba akainuka mbio, lakini binti akamwonyesha kiganja kumzuia, akasimama mwenyewe, akarudia mruko uleule mpaka ukakaa sawa. Mzee akamwinamia mwalimu wetu.

"Huwa anaanguka hivi?"

"Kila siku, mzee."

Akayatazama kwa muda mrefu yale magoti yenye makovu.

"Na kwenye simu," akasema taratibu, "kila siku huniambia hajambo."