Mimi na mke wangu tulivyotunga Kiingereza chetu cha mfereji huku Bombo

Wakuu, poleni na majukumu. Hii siyo chai, imenitokea mwenyewe huku Upareni, wilaya ya Same. Mwenye shaka apande Bombo aulize.

Mimi ni mkulima wa maharage. Mke wangu Sabina nimemtoa Jipe kwa wavuvi, Chasu, lugha yetu Wapare, hajui hata cha kuombea chumvi. Msimu wetu wa kwanza shamba lilikauka lote. Wa pili ulipoanza akaniambia, tena bila hasira, "Mume wangu, haya nayo yakikauka mimi narudi kwa mama."

Nikajua hatanii.

Huku tunamwagilia kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa la kienyeji walilochimba mababu. Zamu yetu ikifika, mimi nabaki juu kulinda mlango wa maji, Sabina anakuwa chini shambani na jembe. Katikati yetu kuna shamba la Mwalimu mstaafu.

Mwalimu alikuwa anatoboa mfereji. Namwona kabisa kutoka juu.

Nikipiga kelele kwa Kiswahili anaziba chap. Sabina akipanda anamkuta anapalilia, "Marahaba mwanangu, habari za shamba?" Na simu upande ule network hakuna.

Kiingereza cha kweli nacho hakifai, yeye ndiye alinifundisha mimi na nusu ya kijiji. Basi siku moja tukiwa tunakula tukatunga cha kwetu. Maji ni Mister Wet. Maharage ni Babies. Mwalimu ni Big Chalk. Kitendo lazima kisemwe mara mbili, maana upepo wa huku unachukua cha kwanza.

Sabina alicheka mpaka ugali ukampalia. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu nimlete.

Zamu iliyofuata nikapaza sauti: "Mister Wet is die-die! Big Chalk is drink-drink!"

Sabina akapanda mbio, akakuta tundu liko wazi. Akaamkia kwa adabu, akaziba, akashuka. Ikawa ndiyo mchezo wetu kila zamu, mara Mister Wet, mara Babies.

Mwalimu akaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mfereji kwamba tunamtukana kwa Kiingereza.

Wakuu, nilinywea. Kwenye mfereji wetu ukimtukana mzee unanyimwa maji mpaka mavuno. Yaani maharage kwaheri, na mke kwaheri.

Kesi ilisikilizwa siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Mwenyekiti akaniambia nirudie nilichosema. Nikarudia neno kwa neno. Akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, sisi wengine hatukusoma hivyo. Tusi ni lipi hapo?"

Sasa mjue kwamba kijiji kizima, maelezo ya dawa za mifugo na barua zote za Kiingereza anasoma yeye. Hawezi kusimama mbele ya watu aseme hajaelewa. Akakohoa.

"Hicho ni Kiingereza cha... cha ndani kidogo. Anasema maji yamekatika. Kuna mtu katikati anayanywa."

"Tusi liko wapi?"

Mwalimu akakohoa tena.

"Na hapo katikati, shamba ni la nani, Mwalimu?"

Hakuna aliyecheka, huku kwetu mzee hachekwi hadharani. Mwenyekiti akasema kazi iendelee. Mwalimu akachukua jembe akaenda kuziba tundu lake mwenyewe. Tangu siku ile maji yanatufikia.

Juzi alipita kwetu. Sabina akamwamkia, akaitikia. Akayaangalia maharage muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Babies is grow-grow."

Hakukosea hata kidogo. Sabina akamkaribisha makande.

Mimi nilidhani tumetunga lugha ya kumkamatia mwizi wa maji. Kumbe ndiyo iliyomfanya mke wangu aone hapa ni kwake. Jipe sasa tunaenda wote, kusalimia tu, na tunarudi wote.

Wenye lugha zenu za ndani ya nyumba zimwageni hapa. Sabina anasoma begani kwangu, anasema niwaambie: Wakuu is comment-comment.