Nilivyomtafuta anayekata email za chama cha kahawa Nyamwaga, nikaishia kugombana na wenye mail server

Wakuu, habari za muda huu.

Ninachoandika hapa kimenikuta mwenyewe, na baadhi ya waliokuwepo wamo humu jukwaani. Wakiona nimeongeza chumvi waje wanikosoe hapahapa. Majina nimebadilisha, maana watu wenyewe bado naishi nao.

Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda changu Nyamisangura, Tarime mjini. Baba yangu anauza viatu mtaa huohuo, na mpaka leo akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani anajibu, "Yuko kwenye mambo ya kuprint." Nimeshazoea.

Ukiacha kuprint, nilikuwa nasimamia email za chama kimoja cha wakulima wa kahawa kule Nyamwaga. Chama kilitaka anuani zenye jina lake ili mnunuzi wa nje asiwaone wababaishaji. Nikawafungia mail server, yaani programu inayopokea barua na kumpa kila mtu zake. Niliyotumia ni open source: code yake iko wazi, yeyote anaisoma, anaitumia bure, na akikuta kasoro anairipoti kwa walioiandika.

Katika maelezo yangu yote bodi ilisikia neno moja tu. Bure.

Mambo yakaenda vizuri kabisa. Mnunuzi anaandika, katibu wa chama dada Rhobi anaprint, anatafsiri, anawasomea kwenye mkutano. Rhobi ni mtu wa kazi. Kiingereza chake kimenyooka, na alikuwa mwanamke pekee kwenye uongozi. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndilo lililofanya wanaume wazima waache kufikiri.

Siku moja mnunuzi akaandika kwa hasira. Anasema ameomba sampuli za kahawa zaidi ya mara moja, chama kimenyamaza, na sasa anaangalia kwingine.

Rhobi akazitoa barua zake za nyuma. Hakuna iliyoomba sampuli.

Ila zilikuwa na jambo la ajabu. Zote ndefu ziliishia katikati. Unasoma habari za unyevu wa kahawa, za magunia, mara kimya. Hakuna salamu ya mwisho wala jina.

Mkutano ukaitishwa ghalani. Nami nikaitwa.

Mwenyekiti, Mzee Mwita, akasimama na zile karatasi mkononi.

"Barua haina miguu, haina meno," akasema. "Sasa inakatika vipi yenyewe? Nani mwenye mkasi?"

Mjumbe mmoja akasema labda bando la mzungu huwa linaisha katikati. Wakuu, watu walitikisa vichwa! Hoja ya bando ikajadiliwa kwa heshima zote. Mwingine akasema ni mambo ya Sirari pale mpakani, mtandao wa Kenya unaingilia. Hiyo nayo ikapewa muda wake.

Mwisho wakarudi kwenye jibu walilokuja nalo toka nyumbani.

"Mtu anayeziona kabla yetu ni mmoja tu," Mwenyekiti akasema. "Anatusomea juu, chini anabaki nako. Chini ndiko kwenye biashara. Mjue kuna mnunuzi mwingine anamtumikia."

Rhobi akasimama. "Mwenyekiti, mimi ninaprint kinachoingia. Muulizeni Hamisi."

Wakanigeukia. Nikasema nitachunguza. Jibu la kitaalamu kabisa, na halikumsaidia mtu yeyote. Wakamsimamisha Rhobi hadi mkutano unaofuata na wakachukua funguo za ofisi palepale, mbele ya watu anaokutana nao kisimani na kanisani.

Nikarudi Tarime nikaanza kuchimba.

Kwanza nililaumu mtandao. Halafu nikamlaumu mnunuzi. Halafu nikajaribu mwenyewe: nikajitumia barua fupi, ikafika nzima. Ndefu, ikafika nzima. Nikaanza kujiuliza kama Mwenyekiti hana hoja. Naandika hili kwa aibu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipofungua kumbukumbu za makosa za server ndipo nilipokaa chini.

Mle server ilikuwa inalalamika haielewi amri ilizopewa. Na "amri" zenyewe zilikuwa ni "Please send us the samples" na maneno mengine kama hayo.

Yaani chini ya barua kulikuwa kunafika! Server ilifikiri barua imekwisha, ikaona maneno yaliyobaki ni mtu anaipigia kelele, ikamjibu haimuelewi na kumpuuza. Kama bodi tu.

Nieleze kidogo, wasio wa fani msikimbie. Barua zinaposafirishwa, mstari wenye nukta moja peke yake maana yake ni "nimemaliza". Sasa kama mwandishi ameweka nukta hiyo yeye mwenyewe kwa sababu zake, programu inayotuma inaongeza nukta ya pili, na inayopokea inaiondoa. Mnunuzi wetu alikuwa na tabia ya kutenganisha sehemu za barua kwa mstari wenye nukta moja. Hana kosa.

Kosa ni la server. Inasoma barua ndefu vipande vipande. Zile nukta mbili zikitenganishwa, moja ikaishia kwenye kipande hiki na nyingine ikaanza kipande kinachofuata, server inaiona ile ya pili iko peke yake. Inasema imekwisha. Inafunga.

Ndiyo maana majaribio yangu yalifika salama. Barua zangu hazikuwa na mstari wa nukta hata mmoja wa kuangukia mpakani mwa vipande.

Kwa furaha nikakimbilia kwa wenye programu kuripoti bug, yaani kasoro. Kichwa cha habari niliandika kwa herufi kubwa: PROGRAMU YENU INAKULA BARUA ZA WATU, HARAKA. Kwa Kiingereza, na alama za mshangao nyingi.

Jibu likaja kutoka kwa mmoja wa wasimamizi wa code. Tumwite Bwana Mlango, maana kazi yake kubwa niliyoiona ni kufunga.

Akasema amejaribu barua yenye nukta, kwake inafanya kazi. Akaongeza kuwa huenda ni mtandao wa eneo letu. Akafunga ripoti.

Wakuu, lile neno "eneo lenu" lilinichoma. Jamaa hajui Tarime iko wapi lakini anajua mtandao wake ni mbovu! Kule Nyamwaga walau walimjadili mtu aliyepo mbele yao.

Nikaanza kumwandikia jibu. Refu. Nilikuwa nimefika kwenye ukoloni Rhobi alipoingia kibandani. Alikuwa ametoka kuuliza chumba Mugumu kwa dada yake, akauze vitenge huko, maana nyumbani mama mkwe alishaanza kumsemesha kwa kupitia watoto.

Akasoma kwenye screen.

"Hapa umemtukana vizuri," akasema. "Sasa wapi umemwonyesha barua inavyokatika?"

"Dada, huyu mtu ana dharau."

"Mwenyekiti hana? Mimi nimenyang'anywa funguo, Hamisi. Wewe umenyang'anywa nini?"

Nikafuta ukoloni wote.

Nikaandaa barua ya mfano, nikaijaza maneno mpaka zile nukta mbili zikaangukia mpakani. Nikaituma. Ikafika nusu! Nikaituma tena, nusu tena. Nilipiga kelele hadi baba akaja na kiatu mkononi akidhani ni mwizi.

Safari hii ripoti ikawa fupi: nimetuma hiki, kimefika hiki, faili hili hapa, jaribu mwenyewe. Bila alama ya mshangao hata moja.

Bwana Mlango akafungua ripoti. Hakusema samahani. Akaandika kuwa wao wanajitolea, hawana muda, na kama nina patch, yaani marekebisho ya code, niilete.

Kwa hiyo mimi niliyeonekana sina hata mtandao ndiye nimekabidhiwa kazi ya kuwarekebishia.

Nikaingia kwenye code. Lugha ni C, niliisoma chuoni nikafaulu kwa huruma ya mwalimu. Umeme ukikatika nahamia kwa jirani mwenye sola. Mwisho nikafika kwenye sehemu inayoamua barua imekwisha, na juu yake mwandishi alikuwa ameacha maelezo kwa ajili ya wasomaji.

Aliandika: "Hili haliwezi kutokea."

Nilicheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Kitu kisichoweza kutokea kilikuwa kimeshatokea na kikamfanya mama wa watu asimamishwe kazi.

Nikaandika patch ya mistari michache. Nukta ikiwa mwanzoni mwa kipande, ipuuze. Nikajaribu barua ya mnunuzi, niliyoiunga upya kwa maneno ya kwenye kumbukumbu za makosa, ikafika yote. Nikaituma kifua mbele. Nilishaanza kufikiria nitaweka hilo kwenye CV kwa maneno gani.

Kabla code haijapokelewa lazima mtu mwingine aikague. Mkaguzi alikuwa mama mmoja ambaye hana salamu wala kwaheri. Akaandika mstari mmoja: "Sasa barua hazikatiki, ila nyingine haziishi."

Nilikasirika. Nikawaambia wateja wawili siku hiyo kuwa wazungu wana roho mbaya. Mmoja alikuwa amekuja kupiga picha za paspoti tu.

Hasira ilipopoa nikajaribu alichosema. Kweli bwana. Kama nukta halali ya mwisho wa barua nayo ikiangukia mwanzo wa kipande, patch yangu iliipuuza, na server ikabaki inasubiri mwisho usiokuja. Ningewapelekea watu wa Nyamwaga hiyo, barua nyingine zisingefika kabisa, na Rhobi angeambiwa sasa anaiba nzimanzima.

Nikaandika upya. Safari hii server inakumbuka kipande kilichopita kiliishaje kabla ya kuamua. Mama mkaguzi akanirudisha mara kadhaa, mara jina la kigezo kwenye code halifai, mara jaribio limekosekana. Kisha siku moja akaandika "Sawa." Nadhani kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Ikapokelewa. Toleo jipya likatoka. Kwenye maelezo ya mabadiliko wakaandika: marekebisho ya kasoro ndogo katika hali adimu.

Ndogo! Waende wakamwambie mama mkwe wa Rhobi.

Siku ya mkutano nikapanda bodaboda na laptop mgongoni. Toleo la zamani nilikuwa nimeliacha kwenye laptop kwa makusudi. Nilijua nikianza na habari za vipande na nukta wangesinzia, kwa hiyo sikuhutubia.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umeleta virusi vyako?"

"Nimeleta barua ya mnunuzi, ilivyotoka kwake. Naomba uongeze maneno yako mwenyewe mwishoni, halafu uitume. Rhobi atakaa kule mlangoni, asiguse kitu."

Akaandika kwa kidole kimoja, ghala zima linasubiri. Aliandika jina lake, cheo chake, na kwamba chama hakitavumilia wezi. Akabonyeza kutuma. Nikafungua iliyofika, nikamwomba asome kwa sauti.

Akasoma unyevu. Akasoma magunia. Akasogeza chini, hakuna kitu.

"Mbona mimi simo?"

"Umekatwa, Mwenyekiti."

"Na nani? Nimeandika mwenyewe sasa hivi!"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Nikaweka toleo jipya, tukatuma ileile, akajikuta yupo mzima na vitisho vyake. Kisha nikawasomea zile kumbukumbu za makosa, maombi ya sampuli moja baada ya jingine.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi tumeona, mashine ilikuwa na matatizo. Napendekeza tumsamehe Rhobi, arudi kazini."

Rhobi akaja kutoka mlangoni taratibu.

"Mnanisamehe nini?"

Mwenyekiti akaanza kupanga karatasi zake.

"Mliniita mwizi hapahapa mmesimama. Nataka niombwe radhi hapahapa."

Mwenyekiti akamtazama mweka hazina. Mweka hazina akatazama dari. Mama Ghati, mkulima mkongwe ambaye huwa haongei mikutanoni, akasema tu, "Sema, Mwita. Tuna ng'ombe wa kukamua."

Mzee akatoa sauti puani, mfano wa "samahani".

"Imefika nusu, Mwenyekiti," Rhobi akasema. "Rudia."

Akarudia. Safari hii hata wa nje walisikia.

Msisherehekee sana. Mnunuzi alikuwa ameshachukua kahawa kwingine msimu ule. Tulimtumia maelezo na sampuli, akajibu kistaarabu kuwa ataziangalia msimu ujao. Wakulima waliuza walikopata, kwa bei ya kuumiza. Nukta moja, wakuu.

Rhobi alirudi, ila kwa sharti: kila kiongozi awe na anuani yake na ajisomee mwenyewe. Sasa Mwenyekiti ananipigia simu karibu kila Jumatatu kwamba amesahau password. Nikimuuliza kama hakuiandika mahali anasema aliiandika, ila hakumbuki wapi.

Nilichojifunza: kitu kikipotea, watu hawatafuti kilipopotelea, wanatafuta wa kumbambikia, na huwa wameshamchagua mapema. Ghalani ilikuwa Rhobi, kwa wenye code ilikuwa mtandao wa "eneo letu". Ukiwa na hasira na ukweli kwa pamoja, tanguliza ukweli, kwa sababu hasira yako hakuna anayeweza kuijaribu kwenye kompyuta yake. Na mtu akikukosoa kazi bila kukusalimia, jaribu kwanza alichosema, salamu mtadaiana baadaye.

Nimemaliza upande wangu. Kama uliwahi kubebeshwa kosa la mashine kazini, au uliripoti bug ukafungiwa mlango, tiririka hapo chini. Na wale wa "kwangu inafanya kazi" mnakaribishwa pia, ila someni uzi mpaka mwisho kwanza.