Ubatizo wa Sinki la Kabichi

Unanikalisha kitako niandike, mkono wenyewe na kalamu hawajuani, eti nikupe habari za jirani yangu Dympna. Haya. Mtu asije akasema nimesengenya.

Dympna wa mtaa wa Crumlin, hapa Dublin, Ayalandi, ana mjukuu mmoja, Nuala, na ukaidi wa punda wawili. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, ya Kanisa Katoliki kama zilivyo karibu zote, na ilikuwa imefurika. Serikali iliiruhusu kutanguliza waliobatizwa. Asiyebatizwa apande basi, akasomee huko mbali. Dympna hakutaka kusikia habari ya basi. Alitaka kumwona mjukuu wake akicheza, yeye yuko dirishani na chai yake.

Tatizo ni mama mtoto, Orla, binti yake mwenyewe.

"Sibatizi mtoto kwa ajili ya dawati, Mama. Unafiki huo."

"Mnafiki wewe, huamini Pasaka lakini mayai yake ya chokoleti unayamaliza!"

Basi siku moja Orla yuko kazini, Dympna akaondoa kabichi kwenye sinki, akamwinamisha mtoto. "Nuala, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Bibi, maji ya baridi!"

"Kwenye joto ni motoni. Tulia!"

Hapo hapo mbio kwa Padri Fintan kudai cheti. Padri akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Bibi Dympna, huyo nimeshambatiza mimi, ulipokwenda kuhiji Knock. Orla kaniapisha nisikwambie. Kasema ukijua umemshinda, hatalala."

Dympna akarudi nyumbani kaumuka kama mkate. Akamkuta Orla jikoni, kaduwaa mbele ya redio: serikali imepitisha sheria, shule za msingi za Kanisa haziruhusiwi tena kuangalia ubatizo.

"Kumbe ulimbatiza," Dympna akasema.

"Na wewe je? Mbona nywele zake zinanuka kabichi?"

Kisha Dympna akauliza polepole, "Keki ya ubatizo mlikula?"

"Ndogo tu, Mama."

"Ya zabibu?"

Orla akainamia kikombe.

Nuala alipata nafasi kwa kuwa kwao ni karibu. Cheti hakuna aliyekiuliza. Kila asubuhi Dympna humpungia mkono dirishani, kisha humgeukia Orla na kununa. Serikali kaisamehe. Keki, hajaisamehe.

Sasa wewe uliyenisumbua, oka keki ya zabibu uilete nimpelekee. Nzima. Usiimege njiani.