Gogo Letu Linaingia Wapi

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku yenyewe ilianza bila maana yoyote. Niliamka hapa hapa Mpanda, Majengo, katika chumba nilichokuwa nalala na wabeba mizigo wenzangu wa stesheni, nikafunga shuka langu na kisufuria, nikatoka. Sikuwa nimegombana na mtu. Wala sikuwa na safari. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo miguu yangu ilikuwa ikiamka kabla yangu. Nilipofika njia panda nilitazama upande gani una watu wachache, nikaufuata, na jua lilipopanda nilikuwa nimeshaipita Kakese na mashamba yake ya mpunga.

Nakueleza haya kwa sababu ya maneno uliyokuja nayo juzi. Ulisema kuna vijana wameweka kamba barabarani pale kalavati lilipobomoka, kila bodaboda wanaidai chochote cha kutengenezea, na wewe umeapa kwamba safari ijayo utaipita kamba yao kwa nguvu, kwa sababu ni wezi. Inawezekana ni wezi. Siwajui. Mimi nimezaliwa na shaka. Hata nikipewa chai natazama kwanza kikombe kimeoshwa na maji gani. Kwa hiyo sikwambii uwaamini. Nakwambia ukae kidogo, nikupeleke kwenye daraja moja.

Mbele ya Kakese nilikuta mkokoteni wa ng'ombe umekwama kwenye mchanga, nikasukuma. Mwenyewe alikuwa Msukuma, jina lake Masanja, anahama na familia kutoka kaskazini. Ndugu zake walikuwa wametangulia na ng'ombe, yeye akawa anafuata na vitu vya mwisho: plau, vyungu, magunia ya mbegu, na juu ya magunia mama yake mzazi. Yule mama wote walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nami nikamwita hivyo hivyo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kugusa milima. Mbegu zile zilikuwa ndizo zote walizonazo. Zisingefika, au zingelowa njiani, ukoo mzima ungekaa msimu huo ukila vya kuomba kwa watu wasiowajua.

Mayu aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia mbele.

"Mbele ya wapi?"

"Mbele tu, Mayu."

Akamwambia mwanawe kwamba wameokota ndama aliyekata kamba. Masanja akacheka, akaniambia niwafuate kama sina kazi. Sikuwa na kazi.

Mchana tulifika mtoni. Daraja lilikuwa la miti: nguzo zimesimama majini, boriti ndefu zimelazwa juu yake, na juu ya boriti magogo membamba yamepangwa kukingama ili magurudumu yapite. Mbele yake kulikuwa na kamba imefungwa kutoka mti hadi mti, na pembeni kibanda cha nyasi cha mlinzi, Mzee Kasonso. Alikuwa mtu mpole, ana sauti ya chini, anakuuliza hali ya nyumbani kana kwamba anaijua nyumba yako.

Ushuru wa pale haukuwa fedha. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba kila anayepita ailipe njia kwa kitu cha njia. Mtembea kwa miguu alitakiwa kuokota jiwe kilimani alete la kujazia ukingo. Mwenye baiskeli alileta fito. Mwenye mkokoteni alikata gogo zuri, akalimenya magome, akalichonga alama yake, kama watu wa huku wanavyochonga alama kwenye mizinga yao ya nyuki ili mzinga usije ukapata baba mwingine. Gogo lile lingeingia darajani palipooza. Mimi niliupenda ule utaratibu nilipousikia. Ndiyo maana nikaanza kuutilia shaka.

Masanja hakulalamika. Alichukua shoka, tukapanda kilimani, tukakata gogo, tukalimenya, ng'ombe wakalikokota mpaka chini. Akachonga alama ile ile anayowapiga ng'ombe wake. Mzee Kasonso alilipapasa, akalisifu, akasema daraja limechoka, linahitaji miti, tuliache pale pembeni, yeye ataliingiza. Kisha akaenda kwake kula, akasema akirudi atafungua kamba.

Sasa mimi macho yangu hayakuwa yamekaa bure. Nilikuwa nimeutazama ukingo. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri mno, hakuna hata moja lililokosekana, ukingo umesimama kama ukuta wa kanisa. Lakini miti ya daraja ilikuwa mikuukuu, imepinda, mingine imeota uyoga. Nikajiuliza, kwa nini watembea kwa miguu ni waaminifu kuliko wenye mikokoteni? Halafu nikapata jibu lililonifurahisha, maana mtu mwenye shaka hufurahi akipata ubaya. Mawe hayanunuliwi na mtu.

Nikazunguka nyuma ya kibanda. Chini ya nyasi zilizokatwa nilikuta magogo yamelala, yamekauka vizuri, kila moja na alama ya mwenyewe. Na kando ya magogo kulikuwa na alama za matairi ya lori. Mwanangu, lile daraja lori lisingeweza kulipita hata likiwa jipya. Lori lilikuwa limekuja kutoka upande wa mjini, likageukia pale pale, likarudi mjini.

Nilirudi mbio, moyo unanidunda kwa raha. Nikamwambia Masanja kwa kunong'ona kwamba tumeibiwa, kwamba yule mzee anauza magogo ya watu, kwamba habari ya daraja bovu ni uongo wa kuwakatisha watu miti, ule uyoga ni wa juu juu tu. Nikasema tufungue kamba sasa hivi, tubebe na gogo letu, tupite. Masanja alikwenda kuyaona magogo kwa macho yake. Aliporudi alifungua kamba, akashika fimbo, akawaita ng'ombe kwa majina yao. Ng'ombe wa mbele walikuwa wameshakanyaga gogo la kwanza la daraja.

"Simamisha," akasema Mayu.

Masanja akamwambia mlinzi ni mwizi. Mayu akasema amesikia, hajawa kiziwi bado, anaomba ateremshwe. Tulimteremsha. Akachukua mkongojo wake, akashuka ukingoni taratibu huku akijishikilia kwenye yale mawe mazuri, akaingia chini ya daraja. Maji yalimfika magotini. Tulimsikia akigonga boriti moja baada ya nyingine: ko, ko, ko. Alipovuka katikati ya mto mlio ukabadilika. Ukawa kama mtu anayepiga gunia.

Akaniita mimi, si mwanawe.

"Weka mkono hapo."

Niliweka mkono kwenye boriti ya upande wa pili. Kidole kiliingia. Nikasukuma kidogo na kiganja chote kikaingia, nikatoka na unga wa mti uliolowa, mweusi, unanuka kama shimo la panya. Boriti ile ilikuwa imebaki ganda tu. Mkokoteni ungevuka nusu ya mto salama, halafu ungekwenda chini na ng'ombe na mbegu na yeye Mayu juu yake.

"Ulimkagua yule mzee," akaniambia, "ukaona ni mwongo. Vizuri, una macho. Nani alikwambia daraja nalo linadanganya?"

Nilikuwa nimemshuku mtu kwa haki, halafu nikaruka nikaamini kitu ambacho sikukigusa. Kwa sababu anayepiga kelele za hatari ni mwizi, nikadhani hatari haipo.

Mzee Kasonso alirudi akakuta kamba imefunguliwa na mwanamke mzee amekaa kwenye kigoda katikati ya mlango wa daraja, anasokota tumbaku yake. Alituamkia sote kwa upole. Mayu naye akamwitikia kwa upole zaidi, akamuuliza habari za watoto, za mifugo, za chakula alichokula. Nilidhani hawatamaliza. Kisha akauliza:

"Gogo letu linaingia wapi, baba?"

Mlinzi akasema wasiwe na wasiwasi, anamngoja fundi kutoka mjini.

"Sina wasiwasi. Nauliza linaingia wapi. Nionyeshe kwa kidole, nilione, nikalale."

Wakati huo akafika mrina asali na baiskeli yake, amefunga madebe nyuma. Mayu hakumpisha. Alimwambia naye asubiri, fundi yuko njiani. Yule mrina akashangaa, akasema mwaka jana alipita na mkokoteni wa kaka yake, akaleta gogo, akaambiwa fundi yuko njiani. Bila shaka fundi huyo, akasema, anatembelea magoti. Mimi nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya kibanda. Hakukawia. Tulimsikia akiita kutoka kule, "Huyu hapa mtoto wangu," kwa sababu alikuwa ameiona alama yake.

Masanja alikunja ngumi. Mzee Kasonso alikuwa amesimama, anaangalia chini, kofia mkononi. Hapo ndipo nilipotaka damu, mwanangu, nakiri. Na mrina alikuwa tayari kunisaidia. Mayu akatutazama sote.

"Hakuna aliyemwita mtu mwizi," akasema. "Hayo mtayapeleka kijijini kwenu nyie wenyeji. Mimi nina mbegu. Ng'ombe ninao, kamba ninazo, magogo yapo. Nyie ni wanaume wangapi hapa mnaomngoja fundi?"

Tukafanya kazi. Ng'ombe walikokota magogo kutoka nyuma ya kibanda, sisi tukaingia majini. Na sikiliza jambo ambalo mpaka leo linanikereketa. Mzee Kasonso aliingia majini nasi bila kuambiwa, na kazi ile aliijua kuliko sote. Alijua boriti ipi ishikiliwe kwanza ili nyingine isianguke, alijua kuloweka kamba za magome ili zikikauka zikaze, alijua kugeuza upande mnene wa mti uelekee wapi. Mrina alimsifu. Mimi nilimtazama nikazidi kumshuku. Mtu anayejua hivi alikuwa anamngoja fundi gani?

Alichofanya na magogo yaliyoondoka na lori sikukijua siku ile na sikijui leo. Pengine aliuza. Pengine kuna mkubwa wake aliyekuwa akiyachukua, naye mzee akapewa hela ya sabuni na kunyamazishwa. Nilipopita tena pale baada ya muda, kamba ilikuwepo na yeye alikuwepo, mpole vile vile. Ila nyuma ya kibanda palikuwa na shamba la viazi, na kila mwenye mkokoteni alikuwa akishuka majini mwenyewe na gogo lake. Nilisikia mmoja akimuuliza mlinzi linaingia wapi. Nilicheka peke yangu.

Siku ile gogo la Masanja liliingia la mwisho, alama yake ikitazama juu. Tulishusha magunia tukayavusha kichwani, mkokoteni ukapita mtupu, Mayu akapita kwa miguu yake akigonga kila hatua kwa mkongojo. Jua lilikuwa linazama tulipofika kwa shemeji yake Masanja, upande wa Sibwesa, mahali ambapo sikuwa nimewahi kupafikiria, achilia mbali kufika. Mwenye nyumba alipokea mbegu, akawapokea ndugu zake, kisha akanigeukia mimi na kisufuria changu. Alinitazama kama mimi nilivyomtazama Mzee Kasonso. Akauliza huyu ni wa nani, katoka wapi, anataka nini. Maswali ya haki kabisa.

Mayu akasema, "Huyu anashuku kila mtu. Lakini gogo anabeba. Mpe pa kulala."

Nikapewa ngozi ya ng'ombe karibu na ghala, na maziwa, na sikutazama kikombe kimeoshwa na maji gani.

Basi nenda kwenye kamba ya hao vijana, mwanangu, na shaka yako nenda nayo. Usiiache nyumbani, nchi hii inaihitaji. Lakini kabla ya kuwasha pikipiki, teremka uingie kwenye lile kalavati, uliguse. Kama ni bovu, ni bovu hata kama wanaokuambia ni wezi, na nyuma yako kuna mtu anakuja amempakia mjamzito. Usiwape mchango ukiwa umefumba macho, wala usiwanyime ukiwa umefumba macho. Wabebee mfuko wa saruji kwenye hiyo bodaboda yako, uwaulize unaingia wapi, kisha simama hapo mpaka uingie. Wakiwa waaminifu watafurahi kupata mkono. Wakiwa wezi, utakuwa umewaharibia siku, na barabara itakuwa imepona kidogo.

Mungu akupe macho yasiyodanganyika na mikono isiyoogopa tope. Kila mto utakaoufikia akuvushe na mzigo wako. Na jua likikuzamia ugenini, akukutanishe na mwenye nyumba atakayekuuliza maswali yote anayostahili kuuliza, halafu akuonyeshe pa kulala.