Kimya cha Destin

Zamani pale Kasha, pembeni mwa Bagira, mtoto alizaliwa mikononi mwa watu. Bibi alimkanda kwa siagi ya ng'ombe, shangazi alimbeba, jirani alimwimbia huku akimenya mihogo. Leo mama na mtoto wanajifungia nyuma ya mlango wa bati, na watu wanayaita hayo maisha.

Francine alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mume wake, Hugues, alikuwa Kamituga akichimba dhahabu. Mama mkwe hakuthubutu kutoka Walungu, kwa kuwa njia ilikuwa ya kuogopa. Francine alibaki peke yake na mwanawe Destin, mwenye miezi kumi na sita, ambaye hakuwa ametamka hata "mama". Hata akianguka hakulia. Francine alimtazama akicheza kimya kama kivuli, akajiambia kwamba amezaa bubu.

Juma moja akapita Maman Eulalie, mjitoleaji wa afya anayepima watoto nyumba kwa nyumba. Francine alimweleza yote kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. Mama yule aliinuka. Alichukua kifuniko cha sufuria, akakiangusha sakafuni nyuma ya mtoto.

Destin alishtuka, akageuka. Kisha akatembea hadi kwa mama yake, akashika kiganja cha mama, akajiziba nacho mdomo mwenyewe.

Maman Eulalie aliketi, akauliza nani alimzoesha hivyo. Francine alikiri kuwa ni yeye. Tangu risasi zilipolia mjini, kila pikipiki iliposimama, kila buti za wenye bunduki zilipopita, alimziba mtoto mdomo wasisikiwe. Siku zikawa miezi.

"Masikio yake iko muzuri kupita yangu," alisema Maman Eulalie. "Huyu haiko bubu. Anakutii tu."

"Na wakitusikia, maman?"

"Watasikia mutoto. Avenue yote, kila nyumba, iko na batoto. Nyumba yenye kunyamaza, ni ile batu banajiulizaka juu yake."

Hakumwandikia dawa. Alimwambia aongee naye akimwosha, akimlisha, ataje kila kitu, na mtoto akitoa sauti yoyote amjibu kama mgeni wa heshima. Mambo ambayo kila bibi aliyafanya bila kufundishwa, sasa yanaletwa na mtu mwenye daftari.

Alipoondoka, Francine alimketisha Destin karibu na beseni la maji, akaanza kumenya viazi.

"Hii kiazi," alisema, akikiinua. "Hii kisu."

Nje, pikipiki ilipunguza mwendo, ikasimama mbele ya mlango. Injini haikuzimwa. Mtoto alikakamaa, akamkodolea macho mama yake. Francine alichovya kiganja chake beseni.

"Hii maji," alisema kwa nguvu zaidi.

Destin aligusa maji kwa kidole.

"Ma," alisema.

Injini ilikuwa bado inanguruma.

"Ndiyo, papa yangu mudogo," Francine akamjibu. "Maji."