Marahaba Niliyomjibu Yusrah

Naitwa Marciana Wenceslaus Maganga. Baba yangu, Wenceslaus Maganga, aliletwa Kilosa kutoka Unyamwezi akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge miaka kumi na mmoja, halafu akahamia relini akawa mtu wa gengi, na mataruma aliyoyalaza kuelekea Kidete yamepitiwa na watu wasiojua hata jina lake. Mama yangu, Agness, Msagara wa Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa, alizalisha wanawake wa kambi tatu za mkonge na hakuna aliyewahi kumlaumu. Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1970, na miaka minne baadaye nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima hapa Masanze. Watu arobaini na wawili walijua kusoma kwa mkono wangu. Majina yao nayakumbuka mpaka leo, pamoja na ya wale wanne walioacha njiani. Nimezika mume, nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na sijawahi kuitwa kwa mtendaji kwa kosa lolote. Nayataja mapema ili msomaji ajue kwamba aliyefanya nitakayoyaeleza si mtu aliyekosa malezi. Ni mimi, na nililelewa.

Ukoo wetu una pande mbili. Baba mdogo, Sefu, alikuja na baba kwenye mkonge, akaoa Mikumi, akasilimu. Watoto wa baba ni Wakristo, watoto wa Sefu ni Waislamu, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu. Shida yetu ilikuwa moja tu: wenzetu hawakawizi maiti. Mtu akifa alfajiri, jioni yuko ardhini, na kutoka Masanze mpaka Mikumi, hasa masika, si hapo na hapo. Mke wa Sefu alipofariki, sisi wa huku tulifika tukakuta watu wameshanawa mikono. Mwanasha, binti yake wa kwanza, ambaye tulikua pamoja na kuvaa gauni kwa zamu, aliniambia siku ile kwa upole, bila kunitazama, "Dada, mama yetu amezikwa na majirani."

Maneno hayo yalituuma wote. Ndiyo maana mjukuu wangu Kelvin, fundi simu pale Kilosa mjini, akafungua kundi la WhatsApp mwaka 2021 akaliita Kizazi cha Maganga na kunipa mimi uongozi wake. Kazi ya kundi ilikuwa hiyo tu: mtu wetu akifa, popote alipo, wote tujue saa ileile, tuwahi. Tukaingia watu sitini na watatu, kutoka Masanze, Ulaya, Kidodi, Mikumi na Morogoro.

Mwanzoni lilikuwa raha. Frank, mtoto wa kaka yangu, dereva wa lori la miwa kule Kidodi, alituma video ya tembo waliogoma kutoka barabarani pale mbugani, magari yamepanga foleni, na watu wakacheka kutwa nzima. Irine wa Ulaya, mjukuu wa kaka yangu huyohuyo, alituma picha ya mtoto wake alipoota meno. Mwanasha hakupenda kuandika kwa sababu ya macho. Alituma sauti, anakohoa, anacheka, ananikumbusha siku tulipojificha kwenye behewa la mizigo tukashushwa Munisagara tukilia. Na kundi lilifanya kazi yake. Mume wa dada yetu wa Kidodi alipofariki, tulifika msibani watu thelathini kabla jeneza halijatoka ndani.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulipenda. Vijana walikuwa wanaingia na kusema yao moja kwa moja, kama mtu anayepita sebuleni kwa watu akielekea jikoni. Hakuna salamu. Mimi nimekulia kambini, ambako watu wa makabila kumi na tano waliishi bila kuchinjana kwa sababu kila mtu alijua nani anamwamkia nani. Nikaweka sheria. Kila asubuhi, kila mdogo aamkie wakubwa kwenye kundi, kwa majina. Na mtu asiandike jambo lolote kabla ya kutoa shikamoo. Kelvin akajaribu kuniambia, "Bibi, watu sitini watakuwa wengi, simu zitajaa." Nikamjibu kwamba heshima haijazi simu.

Basi kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda changu nje, miwani puani, nikawajibu mmoja mmoja. Marahaba Brayson. Marahaba Lupakisyo, mkwe wangu. Marahaba, marahaba. Nasema kweli, nilijisikia mtu. Tangu kisomo kifungwe sikuwahi kuwa na darasa kubwa namna ile. Na kama darasani, nilianza kuwatafuta watoro. Asiyeamkia siku mbili nilimtaja mbele ya wote.

Siku moja Irine aliandika mchana: mtoto ana degedege, nani yupo mjini karibu na hospitali amsaidie kushika foleni. Hakuanza na salamu. Mimi nikaandika chini yake, "Irine, kwani tumelala nyumba moja?" Watu wazima wawili wakaweka vikatuni vya kucheka. Mtoto alipona, Mungu ni mkubwa, lakini Irine hakuandika tena kitu zaidi ya shikamoo yake ya asubuhi. Nikaona amejifunza.

Mwaka wa tatu picha zilikoma. Frank hakutuma tena tembo. Shikamoo zilibaki, lakini nyingi zilikuwa kikatuni kilekile cha mtoto anayepiga magoti, wanakitupa na kupita. Mwanasha pekee ndiye aliyeendelea na sauti zake, mpaka naye akaniambia siku moja, "Dada, huku kwenye kundi hadithi yangu inazama. Nikuambie kwa simu tu." Sikumwelewa. Nilisema vijana wamehamia TikTok, nikasema bando limepanda bei, nikasema dunia imeharibika. Nililaumu kila kitu kilichokuwa nje ya nyumba yangu.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka jana, saa mbili na robo asubuhi, nilikuwa nimechelewa kwenda kupalilia. Jembe liko begani tayari, simu mkononi, nawamaliza waliobaki. Ujumbe wa Yusrah, binti wa Mwanasha, ulikuwa mrefu, na mwanzo wake ulisema: "Shikamoo mama mkubwa Marciana, shikamoo mjomba Vitalis, shikamoo wakubwa wote wa Masanze, Kidodi na Ulaya." Nikafurahi jinsi alivyopanga majina, mimi kwanza, kisha kaka yangu Vitalis wa Kidodi. Sikusoma zaidi. Nikamjibu hapohapo:

"Marahaba Yusrah mwanangu. Msalimie sana mama."

Nikaiacha simu ndani kwenye chaji, nikaenda shambani.

Niliporudi jioni nilikuwa nimechoka, sikuigusa. Kesho yake asubuhi nikakaa kwenye kigoda, nikafungua kundi, na hapakuwa na shikamoo hata moja. Palikuwa na picha. Udongo mbichi umefinyangwa kama mgongo wa ng'ombe, na kijiti kichwani. Chini ya picha simu ilikuwa imeandika yenyewe kwamba Yusrah ameondoka kwenye kundi.

Nikarudi juu, nikaisoma ile ya Jumanne yote. Baada ya shikamoo zile alikuwa ameandika kwamba mama ametutoka alfajiri, presha ilipanda usiku, mazishi ni leo saa kumi jioni hapa Mikumi, tafadhali mfike. Na chini yake, maneno yangu. Msalimie sana mama. Yapo pale, na saa yake.

Nilikaa pale mpaka jua likanifikia mapajani.

Nilichukua bodaboda hadi barabara ya Mikumi, nikapanda gari la kwanza lililopita. Njia ilikuwa tope tupu, tukashuka mara mbili kusukuma, na mimi nilisukuma pia ingawa walinikataza. Nilitaka nifike nikiwa nimechafuka. Nilifika adhuhuri. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, na waliponiona walisogea kunipa nafasi, bila kilio cha kumpokea mgeni wa msiba. Walisogea tu, kama wanavyompisha mtu asiyejulikana.

Yusrah alitoka ndani. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mrefu kama mama yake. Akanijia, akapiga goti kama alivyolelewa, akasema, "Shikamoo mama mkubwa."

Nilifungua mdomo. Neno ambalo nimelisema maisha yangu yote halikutoka. Alibaki amepiga goti akisubiri, na wanawake wote wakisubiri, kwa sababu kwetu mdogo hainuki kabla hajaitikiwa. Mwishowe nikashuka mimi, nikapiga magoti mbele yake kwenye mkeka, na magoti yangu si mazima.

"Mwanangu, sikusoma," nikasema.

"Najua hukusoma," akasema. Hakupaza sauti. "Niliwaza nianze na msiba. Nikakumbuka alichofanyiwa Irine. Nikaandika majina ya wakubwa wote, moja moja, na mama yupo kitandani hajafunikwa vizuri. Nilikuwa naomba ruhusa ya kusema, mama mkubwa. Ukajibu ruhusa."

Nikauliza nani alikuja kutoka kwetu. Akasema hakuna. Jeneza lilibebwa na wauza mahindi wa stendi, na wanafunzi wa madrasa. Hakuwa na haja ya kuniambia maneno aliyowahi kuyasema mama yake. Nilikuwa nayasikia.

Alasiri Frank akafika kutoka Kidodi, nguo za kazi mwilini. Ni mwendo wa saa moja tu, na siku ya msiba alikuwa nyumbani hana zamu, lori lipo gereji. Nikamuuliza mbele ya watu kwa nini hakuona. Akanisogeza pembeni.

"Shangazi, usinilazimishe kusema."

Nikamwambia aseme.

"Kundi nimelinyamazisha tangu mwaka juzi. Halilii. Asubuhi nafungua, natupa kile kikatuni, nafunga. Ile ya Yusrah niliiona, imeanza na shikamoo, na chini yake marahaba yako. Nikajua ni yaleyale."

"Na wengine?"

"Wote, shangazi. Kelvin ndiye aliyetufundisha kulinyamazisha. Kutoka tuliogopa, ungetutaja."

Nilimpigia Kelvin palepale. Akasema ni kweli, akaniomba samahani, na ile samahani yake iliniumiza kuliko kama angenitukana. Watu sitini na watatu, na kwa miaka miwili nilikuwa nazungumza na simu zilizozibwa mdomo. Hawakuchoka ndugu zao. Wanapigiana, wanatembeleana, mimi ndiye nisiyeambiwa. Walichoka kuitwa majina kila asubuhi kama wanafunzi. Nilikuta mlango wa kupitishia habari za msiba, nikakaa katikati yake na kigoda changu.

Nilikaa Mikumi mpaka matanga yakaisha. Niliosha vyombo, na walioniona wakaona. Siku ya kuondoka nilimwomba Yusrah arudi kwenye kundi na alishike yeye, aliongoze apendavyo. Akakataa. Alisema simu yake anaitaka ibaki hivyohivyo, ina sauti za mama yake, hataki kitu kingine kiingie juu yake. Alinisindikiza mpaka stendi. Gari lilipokuja alinishika mkono, akauachia. Hiyo ndiyo hali tuliyo nayo mpaka leo, na sina cha kudai zaidi.

Gari la kurudi nilishuka Ulaya. Nilimkuta Irine uani, anachambua mchicha, mtoto wake yule wa degedege anakimbiza kuku. Alitaka kuinuka aniamkie, nikamzuia kwa mkono, nikakaa chini kwenye kanga. Nikamweleza yote, nikampa simu yangu, nikamwambia awe kiongozi wa kundi badala yangu, na anitoe mimi kwenye uongozi leo hii nikiona kwa macho.

"Bibi, katika watu wote hawa, mimi?"

"Wewe ndiye uliyeandika vizuri. Ulisema nani anaumwa, yuko wapi, unataka nini. Mimi ndiye niliyekosea kusoma."

"Na ukianza tena?"

"Nifute. Usinipigie kuniuliza."

Akacheka kidogo, si cheko la furaha, akapangusa vidole kwenye gauni na kupokea simu. Nilimwangalia akibonyeza mpaka jina langu likashuka chini pamoja na ya wengine. Halafu nikamkabidhi kazi yenyewe, neno kwa neno, akarudia kama nilivyokuwa nikiwakaririsha watu wa kisomo, isipokuwa safari hii mwenye kufundishwa nilikuwa mimi.

"Kundi liwe la misiba na wagonjwa mahututi, basi. Mstari wa kwanza jina la mtu. Wa pili mahali. Wa tatu saa ya kuzika. Watangazie leo wafungue sauti za simu zao, na waambie sababu, waambie ni mimi, usinifiche. Kisha usitegemee kundi peke yake. Kila msiba, wapigie hawa saba niliokuandikia, kila mmoja ana watu wake wa kuwaita. Anza na babu yako Vitalis wa Kidodi. Siku hizi ana simu ya kitochi isiyoingia WhatsApp, na masikio mazito, kwa hiyo ngoja mpaka akurudishie mwenyewe jina na saa, ndipo ukate."